Waya Unatoka, Chuma Hakishiki

Swali limetoka kwa fundi wa kuchomelea vyuma wa Kondele, Kisumu. Anasema: "Habari yako mwalimu. Nina karakana ndogo, nimezoea mashine ya rodi. Majuzi nilinunua ile ndogo ya waya, imeandikwa 140 A, natumia waya wa 0.8 mm usiohitaji gesi. Kwenye skwea tyubu ya inchi moja geji 18 inatoboa. Kwenye anglaini na bawaba mshono unakaa vizuri juu, lakini geti moja limerudishwa, bawaba imebanduka nzima. Matone yanaruka kila mahali, waya unajikunja ndani ya mashine, na tipu, zile ncha za shaba unapotokea waya, zinaungua ovyo. Namba zote kwenye nobu nimejaribu. Je, ninunue mtungi wa gesi, au niuze hii nitafute kubwa?"

Fundi, mtungi usinunue bado, na mashine usiuze. Mashine inayotoboa chuma chembamba, ikashindwa kushika kinene, na huku inarusha matone, shida yake si udogo. Nguvu yake inapotea kabla ya kufika kwenye mshono, au inafika ikiwa imegeuzwa. Mashine ya 300 A inaweza kupoteza kidogo na kazi ikaendelea. Hii yako haina cha kupoteza, kwa hiyo kila uzembe mdogo unaonekana kwenye chuma.

Nianze na bawaba, maana geti likimwangukia mtoto hakuna atakayeuliza habari za tipu.

Wewe umetoka kwenye rodi, na rodi ina uaminifu mmoja ambao waya hauna. Moto ukipungua, rodi inanata kwenye chuma na kazi inasimama hapo hapo, unajua kuna tatizo. Waya hausemi kitu. Mota ndogo iliyo ndani ya mashine inaendelea kuusukuma, waya unayeyuka na kumwagika juu ya chuma ambacho chenyewe hakijayeyuka, na ukivua kofia unakuta mshono umejipanga vizuri. Kwa hiyo bawaba haikuvunjika, haikuwa imeshika tangu siku ya kwanza. Kaitafute ile bawaba uitazame pale ilipobanduka. Ukiona mistari ya grinda bado iko vilevile, au ile rangi nyeusi ya kiwandani haijaguswa, ujue chuma cha chini hakikuyeyuka hata kidogo.

Kwa sababu hiyo mshono wa waya hauamuliwi kwa macho. Kata vipande viwili vya flatbaa, vya unene uleule wa kazi yako, urefu wa sentimita 10 hivi. Simamisha kimoja juu ya kingine vikae kama herufi T, kisha choma upande mmoja tu. Vikishapoa, bana kile cha chini kwenye jiliwa na upige nyundo kile kilichosimama, ukikilaza kuelekea upande uliochoma, ili upande usiochomwa ufunguke. Kama mshono umeshika, chuma kitapinda sana kabla ya kukatika, na kikikatika utaona mpasuko wa kijivu wenye chembechembe, kila kipande kimemng'oa mwenzake. Kama haujashika, utabanduka kwa pigo moja au mawili ukiwa mzima, na chini yake pamebaki laini. Fanya hivyo kila unapobadilisha unene wa chuma au unapofungua rili mpya ya waya. Ni dakika chache na vipande vya kutupwa.

Sasa tutafute nguvu inapopotelea. Ukinilazimisha nibahatishe, nitasema kosa lako kubwa liko kwenye chanya na hasi.

Waya usiohitaji gesi una unga wa flaksi ndani yake. Kwenye rodi ganda liko nje, hapa liko ndani, na kazi ni ileile ya kufukuza hewa kwenye chuma kilichoyeyuka. Waya wa namna hii, ambao kwenye rili huandikwa E71T-GS au E71T-11, huchomwa bunduki (ule mkono wenye triga unaotoa waya) ikiwa kwenye hasi na athi (waya wa klampu unaorudisha umeme) kwenye chanya. Waya wa gesi, ule mgumu unaoandikwa ER70S-6, ni kinyume chake: bunduki chanya, athi hasi. Mashine nyingi ndogo zinakubali zote mbili, na zinatoka kwenye boksi zikiwa zimefungwa kwa mtindo mmoja, aghalabu bila muuzaji mwenyewe kujua ni upi. Zima mashine, chomoa plagi, kisha fungua mlango wa pembeni au tazama mbele. Utaona alama za + na −, na waya mfupi mnene unaotoka kwenye bunduki ukiwa umefungwa kwa nati au kuchomekwa kwenye mojawapo. Kama uko kwenye chanya na unatumia waya wa flaksi, hamisha, na athi nayo ihame.

Kosa hili hudumu kwa sababu mashine haikatai. Inachoma hivyo hivyo, moto unayumba, matone yanaruka, mshono unavimba matuta, na mtu anaendelea kuzungusha nobu miezi mingi. Kama karatasi ya rili imepotea na hujui una waya gani, kata kipande, ukibane kwa plaisi mpaka kipasuke. Ukiona unga, ni wa flaksi. Na ukikuta ni E71T-GS, kumbuka huo umetengenezwa kwa mshono wa pasi moja, yaani kupita mara moja tu. Usirundike pasi juu ya pasi ukidhani unaongeza nguvu.

Baada ya hapo, athi. Naijua karakana ya jua kali, kuanzia Kibuye hadi huku kwetu Nakuru: klampu iliyokuja na mashine ilikatika zamani, mahali pake pamefungwa kipande cha nondo kilichopindwa, nacho kinatupwa tu juu ya geti lenye rangi au kutu. Mashine ya rodi ya zamani, ile nzito ya kopa, ilivumilia hayo. Hii ndogo haivumilii. Umeme unaotoka kwenye bunduki ni lazima urudi wote kupitia athi, na kila penye kutu panauzuia. Sugua kwa grinda mpaka chuma king'ae, ubane klampu kwenye kazi yenyewe, si kwenye meza. Choma nusu dakika, simama, kisha iguse klampu kwa tahadhari. Ikiwa ya moto na iko mbali na mshono, hapo nguvu yako inageuka joto la bure. Kagua pia kule waya wa athi unapoingia kwenye klampu. Mara nyingi skrubu imelegea, au nyuzi nusu zimekatika chini ya mpira na huzioni.

Halafu stima. Mashine ya 140 A ikichoma kwa nguvu zote ina volti kama 21 kwenye moto, yaani karibu wati 2,900. Ukiongeza kinachopotea ndani yake, ukutani inavuta ampea 15 hadi 20, au zaidi kidogo. Plagi ya kawaida ya nyumbani ni ya 13 A, kwa hiyo ukiikuta imebadilika rangi au inanuka, usishangae. Afadhali fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, akuwekee laini yake peke yake. Kinachoumiza zaidi, hata hivyo, ni ekstensheni. Waya wa shaba wa 1.5 mm² wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampea 20, unakula volti 14 au 15 njiani, kwenda na kurudi. Wa 2.5 mm² unakula kama 9. Kama jioni kinu cha posho cha jirani kimeshavuta laini ikashuka hadi 215, kwako inafika 200, na namba uliyoiweka kwenye nobu si ile inayofika kwenye chuma. Pima volti wakati mtu anachoma, si mashine ikiwa imekaa. Ekstensheni ikunjue yote. Iliyobaki kwenye rili yake inapata joto mpaka mpira unalainika. Na ukinunua mpya, kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Zipo zenye shaba ya juu juu tu, ndani ni aluminiamu.

Sasa kujikunja kwa waya na kuungua kwa tipu. Hayo mawili ni ugonjwa mmoja: waya hautoki kwa mwendo ulio sawa. Ukikwama kidogo, moto unapanda kuufuata hadi kwenye tipu na kuuchomelea humo. Tipu ikishaziba, kigurudumu kinaendelea kusukuma, na waya usio na pa kwenda unajikunja ndani ya mlango. Watu wengi wakiona hivyo wanakaza skrubu ya kigurudumu, na hapo wanaharibu zaidi, kwa sababu waya wa flaksi ni mrija mwembamba, ukibanwa sana unabonyea na unga unamwagika ndani ya laina. Waya wa flaksi unataka kigurudumu chenye meno madogo; kile laini chenye mfereji wa V ni cha waya mgumu. Vingi vina mifereji miwili, kwa hiyo hakikisha namba unayoiona ubavuni ni ya 0.8 na ndiyo inayotumika. Kisha legeza skrubu kabisa, elekeza bunduki kwenye kipande cha mbao umbali wa sentimita 5 hivi, ukiwa na glovu, bunduki ikiwa mbali na chuma chochote kilichoungwa na athi, ufyatue. Waya utagota kwenye mbao na kigurudumu kitateleza. Kaza robo robo mpaka waya ujikunje kwenye mbao bila kigurudumu kuteleza. Basi, usiongeze. Rili nayo ina breki katikati. Ukiachia triga, rili isimame palepale, isiendelee kuzunguka na kulegeza waya, lakini pia isiwe ngumu hadi mota inalia.

Laina ni ule mrija unaopita ndani ya waya wa bunduki. Unapobadilisha rili, upulize kwa hewa ya kompresa. Kwa nyinyi wa karibu na ziwa kuna jambo la ziada: waya uliokaa ndani ya mashine wiki nzima ya mvua unashika kutu, kutu inaingia kwenye laina, na kuanzia hapo kila rili utakayoweka itasuasua. Flaksi pia inavuta unyevu, na utauona juu ya mshono kama vitundu au mikwaruzo mirefu yenye mashimo. Ukifunga kazi Jumamosi, toa rili, uifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Usipake waya mafuta, hata kama kuna fundi atakayekwambia unateleza vizuri zaidi. Mafuta yanaungua ndani ya mshono. Bunduki ikiwa kazini, waya wake uunyooshe. Ukiukunja mizunguko miwili ili usikusumbue miguuni, tayari umeufunga breki.

Tipu ni kitu cha kutupwa. Nunua za 0.8 kadhaa kwa pamoja. Tundu likishalika na kuwa na umbo la yai, umeme unaruka ruka kati ya tipu na waya, na hakuna nobu itakayotibu hilo. Waya utoke nje ya tipu milimita 12 hadi 15 unapochoma. Ukisogea karibu mno, tipu inaungua. Ukirudi nyuma hadi 25, ampea zinashuka na waya unajirundika ukiwa baridi, sawa na ilivyotokea kwenye bawaba yako.

Ukishayamaliza haya yote, na si kabla, ndipo uguse nobu.

Kwenye rodi ulichagua ampea na ukamaliza. Hapa mambo yamegawanyika. Kasi ya waya ndiyo ampea zako: waya mwingi ukiingia, mashine inalazimika kutoa mkondo mwingi ili iuyeyushe. Volti ndizo zinazopanga urefu wa moto na jinsi mshono unavyotandazika. Kwa hiyo nobu mbili hizi zinategemeana, na mtu anayegusa zote kwa pamoja hatajua ipi iliyomsaidia. Weka volti kulingana na unene, ukifuata jedwali lililo ndani ya mlango kama lipo, kisha usiziguse. Anza na waya ukiwa na kasi kupita kiasi, uuone unagonga chuma na kusukuma bunduki nyuma mkononi. Punguza kidogo kidogo huku unachoma kipande cha kutupwa. Utafika mahali kelele za kugonga zinakwisha na inabaki sauti moja ya mfululizo, kama omena wakikaangwa kwenye mafuta ya moto. Weka alama hapo kwa kalamu, uandike unene wa chuma kando yake. Ukizidi kupunguza, ncha ya waya inaanza kufanya tone kubwa linalopanda juu na kudondoka kwa kishindo, na tipu inayofuata imekwisha. Kama mashine yako ina nobu moja tu inayopanga vyote viwili, fanya hivyohivyo kwa kile kidogo unachoweza kurekebisha. Sauti haidanganyi hata pale namba zinapodanganya.

Bunduki iinamishe nyuzi 10 hadi 15 na uivute, waya ukielekea nyuma kwenye chuma kilichoyeyuka, vilevile ulivyovuta rodi. Wanaotoka kwenye waya wa gesi ndio wanaohangaika hapa kwa sababu wamezoea kusukuma. Wewe una faida.

Jambo jingine linalodharauliwa ni kuona. Usitazame mwanga, tazama ukingo wa mbele wa chuma kilichoyeyuka, pale kinapokutana na chuma kikavu. Kama ukingo huo unalowa na kuzama kwenye pande zote mbili, unashika. Kama unabingirika juu, haushiki. Huwezi kuona hayo kupitia kioo kilichojaa matone. Kioo cha nje cha kofia ni cha bei ndogo, kibadilishe mara kwa mara, na kazi iwe na mwanga wa kutosha kutoka nyuma yako. Kwa ampea hizi kioo cheusi kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua si kifaa cha kuchomelea, hata kama kila kona utaona kijana aliyeivaa. Usiku macho yakijaa mchanga atakumbuka.

Tyubu ya geji 18 ina unene wa kama milimita 1.2, na waya wa flaksi wa 0.8 mm unaanza kuwa mgumu kuutawala hapo. Si kosa lako peke yako. Kinachotoboa zaidi ni mwanya. Tyubu iliyokatwa vibaya ikaacha nafasi ya milimita mbili, hata fundi wa miaka ishirini ataitoboa, kwa hiyo tumia muda kwenye kukata na kufaili mpaka vipande viguseane. Shikiza kwanza pembe zote nne za fremu. Kisha choma vipisi vifupi vya sentimita moja au moja na nusu, hama upande mwingine, rudi palipopoa. Elekeza moto zaidi kwenye kipande kinene kama kipo. Mshono wa wima ushuke chini, usipande, kwenye chuma chembamba hivi. Palipo na tundu tayari, bana kipande cha shaba nyuma yake, kwani waya haushiki hapo, na uzibe kwa mipigo mifupi ya triga. Ukiona unatoboa kila mara licha ya yote haya, jaribu kurudisha bunduki nyuma milimita tatu au nne wakati unachoma. Ni zile ampea zinazoshuka nilizotaja, ila hapa unazitumia kwa faida yako.

Kwa chuma kinene nitakwambia ninachowaambia vijana ninaowafundisha: mashine ndogo ya waya ni ya chuma cha milimita 1.5 hadi 4. Ya milimita 5 na 6 inawezekana, lakini ni kwa kuandaa: piga ukingo kwa grinda uwe na mteremko, acha mwanya wa milimita 1.5 au 2, ondoa ile ngozi nyeusi ya kiwandani, peleka nguvu juu kabisa na utembee polepole. Bawaba za geti ni jambo lingine. Zinabeba uzito wote, zinatikiswa kila siku, na ni chuma kinene kilichokutana na chembamba. Mimi bawaba nachoma kwa rodi, geji 10 kwenye bawaba nzito na geji 12 kwenye ndogo, hata nikiwa na mashine ya waya imewaka pembeni. Kama mashine yako ina tundu la rodi, kama zilivyo nyingi za siku hizi, tumia hilo. Kama haina, ile ya zamani usiitupe. Geti lililorudi, usimwage mshono mpya juu ya ule wa zamani. Saga wote utoke mpaka chuma safi, ndipo uchome upya, na uitazame bawaba ya pili pia kabla mwenyewe hajaondoka, maana zilichomwa siku moja na mkono mmoja.

Ukichoma GI, yaani mabomba na tyubu zilizopakwa zinki, saga zinki sentimita mbili au tatu kila upande wa mshono na ufanyie kazi nje, ukikaa upande upepo unakotoka. Zinki inachemka kwenye 907°C na chuma kinayeyuka karibu 1,500°C, kwa hiyo zinki yote iliyo hapo inakuwa moshi kabla mshono haujaanza. Saa chache baadaye mtu anapata homa, baridi na maumivu ya viungo, na hapo Kisumu wengi wanamalizia kwa dawa ya malaria bila kupima. Kapime, na umwambie daktari ulikuwa unachoma nini. Kuhusu kunywa maziwa kabla ya kazi: maziwa ni mazuri, lakini yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni.

Mashine ikizimika yenyewe na taa ya njano ikawaka, haijafa. Soma kibao cha nyuma. Ukiona 140 A na 20%, maana yake katika kila dakika kumi ichome mbili kwa nguvu hiyo na ipumzike nane, feni ikiwa inazunguka. Ukipunguza ampea, muda wa kuchoma unaongezeka. Usiizime kwa swichi, maana feni nayo itasimama na joto litabaki ndani. Iweke kivulini, na isikae pale vumbi la grinda linapoelekea. Unga wa chuma ukiingia ndani unakaa juu ya bodi na siku moja unaunganisha pasipotakiwa.

Basi, gesi. Ukishapita jaribio la nyundo kwa waya ulio nao, na kazi yako kubwa ikawa tyubu nyembamba za madirisha na fremu, hapo mtungi una maana. Waya mgumu wa 0.6 mm au 0.8 mm na gesi huacha mshono safi usio na ganda, na chuma chembamba kinakubali kwa upole zaidi. CO2 peke yake ni rahisi kupata na inazama vizuri, ila inarusha matone. Mchanganyiko wa argoni 80 kwa CO2 20 ni mtulivu zaidi na bei yake ni ya juu. Ndani ya karakana, lita 10 hadi 12 kwa dakika zinatosha. Kuzidisha hakusaidii, kwani gesi ikitoka kwa kasi kubwa inavuta hewa ndani yake. Gesi ya kupikia haihusiki hapa kwa namna yoyote. Utageuza tena chanya na hasi, utabadilisha kigurudumu, na utasugua chuma zaidi ya ulivyozoea, maana waya wa gesi hausamehe kutu wala rangi.

Na kumbuka upepo wa ziwa. Asubuhi Kisumu imetulia, lakini mchana hewa inaanza kuvuma kutoka majini kuelekea mjini, na hauhitaji kuwa mkali: ukiwa unausikia usoni tayari unapeperusha gesi, na mshono unajaa vitundu. Kazi za gesi zipange asubuhi au uweke pazia la turubai, na za mchana nje, kama kurekebisha geti kwa mteja, ziendelee kwa waya wa flaksi. Kwa hiyo hata ukinunua mtungi, rili ya flaksi ibaki kwenye ndoo yake. Mtungi wenyewe ufungwe kwa mnyororo ukutani. CO2 iko humo ikiwa majimaji, kwa hiyo lazima usimame wima unapoutumia, la sivyo majimaji yanaingia kwenye rejuleta na kuigandisha. Ukienda kuujaza, chukua pikapu ambayo unaweza kuusimamisha na kuufunga kamba. Bodaboda watakubali kuubeba, lakini usiwape.